Gari Lililoendeshwa na Mayai

Watu walimwita Taratibu. Jina hilo alilipata barabarani. Alikuwa mchukuzi wa mayai, na mwenye kubeba mayai hana ruhusa ya kukimbia. Baiskeli zilimpita. Siku moja hata mbuzi alimpita, na watu wakacheka juma zima.

Kila Jumanne na Ijumaa alizunguka kwa wafugaji wa kuku. Alitoka nyumbani alfajiri, akapita machimbo ya mawe, akavuka daraja, akapita shule, kisha akapanda kilima hadi nyumba ya mwisho. Kule alikaa shangazi yake. Akishapakia mayai ya Shangazi, aligeuza gari na kurudi kuyagawa madukani.

Pikapu yake ilikuwa kuukuu. Mshale wa mafuta ulikufa zamani. Ulilala upande mmoja, tangi lijae lisijae. Basi Taratibu alipima mafuta kwa barabara. Asubuhi ya safari alitia dumu moja la lita kumi. Zamani dumu hilo lilimpeleka hadi kwa Shangazi na kumrudisha nyumbani. Kisha likaanza kumwishia machimboni wakati wa kurudi. Akafunga kidumu cha akiba cha lita tatu nyuma ya gari. Miezi michache baadaye mafuta yakawa yanakwisha darajani. Sasa hata akimimina akiba yote, nyumbani hafiki.

Kuongeza mafuta aliweza, lakini faida yote ingeingia tangini. Angekuwa anazunguka bure, kama punda wa kinu.

Ijumaa hiyo mke wake alikuwa naye. Alikaa kando ya dereva, trei mbili za mayai mapajani. Hakuwa na hamu ya safari. Alikwenda kwa sababu gari likizimika lazima awepo mtu wa kusukuma.

Likazimika kweli. Lilikohoa mara mbili mbele ya machimbo, likasimama pembeni ya barabara. Taratibu hakushuka. Aliweka paji la uso juu ya usukani na kufumba macho.

"Akiba?" mke wake aliuliza.

"Nimeimimina darajani. Hukuniona?"

"Nilikuona. Nauliza tu ili tusikae kimya."

Wakakaa kimya hata hivyo. Lori la mawe lilipita, likawaachia vumbi.

"Baba watoto," mke alisema. "Umemwambia Shangazi?"

Taratibu alijua swali hilo litakuja. Usiku uliopita walikuwa wamekubaliana. Kilima cha Shangazi ndicho kinachokula mafuta. Nyumba ya Shangazi ikiondolewa kwenye mzunguko, huenda gari likajilipia mafuta. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumwambia.

"Sikuweza," alisema.

"Lakini nilikuacha naye makusudi. Nilikwenda bandani ili mzungumze."

"Nikanywa maji. Nikamuuliza habari za miguu yake. Nikanywa maji tena. Mama watoto, yule mwanamke alinilea tangu nikiwa na miaka mitano. Hana mtu mwingine wa kumchukulia mayai. Nikimwambia siji tena, namwambia achinje kuku wake."

Mke alikuwa amechoka, na alimhurumia mumewe, na alimhurumia Shangazi. Huruma nayo inachosha. Aliweka trei kwenye kiti akashuka.

"Haya, njoo tusukume," alisema. "Angalau tulitoe njiani."

Wakasukuma. Barabara ilikuwa tambarare, lakini gari halikusogea hata shibri. Taratibu alisukuma kwa bega. Mke akasukuma kwa mgongo, miguu ikiteleza kwenye kokoto.

"Mmefunga breki au mmefunga ndoa na hilo gari?" sauti iliuliza.

Alikuwa Mama Jeki. Alikuwa na kibanda cha kuziba matairi mbele ya machimbo, na malori yote ya mawe yalikuwa wateja wake. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Alikuja anajifuta kwa kitambaa ambacho kilizidi kumchafua.

"Shikamoo, mama," Taratibu alisema.

"Marahaba. Breki umeachia?"

"Nimeachia."

"Gia umetoa?"

"Nimetoa."

Mama Jeki aliongeza mikono yake miwili. Watatu wakasukuma. Gari likasogea kidogo, likanung'unika, likasimama tena.

"Sikiliza, Taratibu," alisema. "Gari dogo kama hili, kwenye tambarare, gia imetoka, watu wawili wanatakiwa kulisogeza bila kutoa ulimi. Likikataa, kuna kitu kinalishika. Na kinachoushika mkono wako, ndicho kinachoishika injini siku nzima. Injini haiwezi kulalamika. Inakunywa mafuta tu."

Alizunguka gari polepole. Alibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akamtazama Taratibu.

"Tairi hili lina pancha?"

"Hapana. Nimelipunguza upepo mwenyewe. Yote manne."

"Kwa nini?"

"Mayai," Taratibu alisema. Aliona haya kidogo, lakini aliendelea. "Mwaka juzi trei sita zilipasuka siku moja. Nikaona matairi ni magumu, yanarusha gari. Nikaachia upepo, gari likawa laini kama godoro."

"Na hizi?" Mama Jeki alionyesha magunia nyuma ya pikapu. Yalikuwa sita, yamepangwa karibu na kioo cha nyuma.

"Mchanga. Gari likiwa jepesi linaruka. Nikalitia uzito litulie."

Mama Jeki hakucheka. Mke wa Taratibu alimtazama kuona kama atacheka. Alipoona hacheki, akaanza kuwa na wasiwasi.

"Fungua boneti," Mama Jeki alisema.

Taratibu alifungua. Mama Jeki aliinama kwenye injini, akaingiza mkono, akavuta kitu. Kilikuwa kitambaa cha kichwani. Kilikuwa na maua zamani. Sasa kilikuwa na vumbi, mafuta na manyoya ya kuku.

"Hiki kilikuwa kimefungwa kwenye mdomo wa chujio la hewa," alisema.

"Kwenye mabanda ya kuku kuna manyoya mengi," Taratibu alieleza. "Nilitaka injini isiyavute."

Mke wake alisogea karibu. Alikichukua kitambaa, akakikung'uta.

"Baba watoto," alisema. "Kitambaa hiki nimekitafuta mwaka mzima. Nilimgombeza dada yangu kwa ajili ya kitambaa hiki."

"Nilitaka kukwambia."

"Dada yangu mpaka leo haji nyumbani kwangu!"

Hapo Mama Jeki akacheka. Alicheka mpaka akashika boneti. Mke naye akacheka, ingawa alikuwa na hasira. Taratibu peke yake hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, mikono magotini.

"Mama," alisema. "Nimechoka. Kila nilichofanya, nilifanya kwa akili yangu yote."

Mama Jeki aliacha kucheka. Alichukua tairi bovu, akaliviringisha hadi pale, akalikalia mbele yake.

"Najua," alisema. "Na akili unayo. Umefikiria mayai asubuhi, mchana na jioni. Shida ni kwamba gari hukulifikiria. Mayai ndiyo yanayoendesha gari hili, si wewe."

"Basi nieleze."

"Baiskeli umepanda? Tairi likiwa halina upepo, unakanyaga kama unapanda mlima, na huku uko bondeni. Ndivyo unavyolifanyia gari. Tairi likilegea linabonyea chini. Linaivuta injini nyuma. Tena linaisha pembeni na linapata moto. Siku moja litakupasukia, na hapo mayai yatakuwa shida ndogo kabisa."

"Na mchanga?"

"Magunia sita ni kama wanaume watano wazima. Umewabeba kila safari, umepanda nao kilima na kushuka nao. Hawakulipi nauli, hata salamu hawakupi."

Mke wa Taratibu aligeuka kuyatazama yale magunia kama anawaona hao wanaume.

"Chujio la hewa ni pua ya gari," Mama Jeki aliendelea. "Mafuta yanaungua vizuri yakichanganyika na hewa ya kutosha. Kazi ya chujio ni hiyohiyo ya kuzuia vumbi na manyoya. Limetengenezwa kwa kazi hiyo. Wewe umeliziba kwa kilemba. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote, yanatoka nyuma kama moshi mweusi. Moshi mweusi hukuuona?"

"Niliuona. Nikadhani ni uzee."

"Uzee!" Mama Jeki alisonya. "Mimi ni mzee. Natoa moshi?"

Aliinuka, akagusa magurudumu moja baada ya jingine. Kwenye gurudumu la nyuma la kushoto alirudisha mkono haraka.

"Guseni. Lakini kwa ncha ya kidole tu."

Mke aligusa, naye akaruka. Chuma kilikuwa cha moto. Magurudumu mengine yalikuwa ya vuguvugu tu.

"Breki ya gurudumu hili imeng'ang'ana," Mama Jeki alisema. "Unaendesha gari huku breki inakushika. Taratibu, mguu wako wa kulia huwa unaupumzisha wapi?"

Taratibu alifikiri. Hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Juu ya breki," alisema. "Nausogeza juu ya breki kila saa. Kwa sababu ya..."

"Mayai," wanawake wawili walisema pamoja.

"Na kwenye mteremko wa Shangazi?"

Taratibu alichangamka. Hapo alijua amefanya vizuri. "Pale nazima injini kabisa. Gari linateremka lenyewe. Situmii hata tone."

Uso wa Mama Jeki ulibadilika. Alisogea karibu kabisa.

"Usirudie," alisema. "Nisikilize vizuri. Ukizima injini, breki zinakuwa ngumu na usukani unaweza kuwa mzito au kujifunga. Nimeziba matairi hapa miaka ishirini. Nimeona magari yaliyoletwa yamekunjwa, na wenyewe hawakuletwa nayo. Kwenye mteremko acha injini iwake. Weka gia ndogo, ondoa mguu kwenye mafuta, gia yenyewe italishika gari. Mafuta yatakayotumika hapo ni kidogo mno. Usiuze roho kwa kikombe cha mafuta."

Mke wa Taratibu alimshika mumewe mkono. Mara nyingi alikuwa ameteremka kilima kile naye, trei mapajani, akishukuru jinsi gari lilivyo kimya.

"Sasa mayai yangu nitayafanyaje?" Taratibu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikijaza upepo, nikatoa mchanga, si yatapasuka?"

"Mayai unayapanga wapi?"

"Nyuma kabisa, mlangoni. Ni rahisi kushusha."

"Na mchanga uko hapa mbele." Mama Jeki alitikisa kichwa. "Mchanga umeupa kiti cha bwana harusi, mayai umeyaweka mkiani. Gari likiruka, panaporuka zaidi ni mkiani. Karibu na dereva panatulia. Toa mchanga, weka mayai hapo. Chini tandika godoro kuukuu. Trei zibanane, zifungwe kwa mpira, zisiwe na nafasi ya kucheza. Yai halivunjwi na barabara. Linavunjwa na jirani yake."

Alitoa lita chache za mafuta kwenye kibanda chake, akawapa wafike nyumbani. "Kesho njooni mapema," alisema. "Upepo hupimwa tairi likiwa la baridi. Na tutaanza na mambo yasiyogharimu. Usipoziba ufa... methali yenyewe unaijua, usinichoshe."

Jumamosi walirudi. Hakuna aliyekuwa na nguvu. Taratibu hakulala vizuri, na mke wake alikuwa na maumivu ya mgongo kwa sababu ya kusukuma. Walishusha magunia moja moja, wakipumzika kati ya gunia na gunia. Walipoteremsha la sita, nyuma ya pikapu iliinuka yenyewe. Taratibu alihisi kama amevuliwa koti lililolowa maji.

Mama Jeki alifungua mlango wa dereva na kusugua uchafu kwenye ukingo wake. Pakatokea kibao kidogo chenye namba.

"Hiki ndicho kinachokwambia tairi linataka upepo kiasi gani," alisema. "Mbele namba hii. Nyuma ukiwa na mzigo, namba hii. Usizidishe, usipunguze. Upime kila wiki mbili."

Taratibu alikuwa amefungua mlango ule miaka kumi na moja. Hakuwahi kukiona kile kibao.

Chujio lilikuwa limeziba hata likipigwa chini vumbi halitoki. Walinunua jipya. Plagi zilikuwa nyeusi tititi. Mama Jeki alizisafisha, akasema zimebakiza miezi michache. Breki ilichukua muda zaidi. Kamba ya breki ya mkono ilikuwa na kutu, hairudi. Aliilainisha kwa mafuta, akairudisha, akaivuta na kuiachia mara nyingi mpaka gurudumu likazunguka kwa kidole.

"Na ukiwa kwa mfugaji unapakia, zima injini," alisema. "Najua huizimi."

"Betri ni dhaifu. Naogopa isiwake."

"Basi safisha vichwa vya betri, vina ukungu kama mkate wa juma lililopita. Halafu lisimamishe gari palipoinuka kidogo, likikataa kuwaka iwe rahisi kulisukuma. Nusu saa ya kuunguruma uwanjani kwa kila mfugaji, mafuta hayo yangekufikisha wapi?"

Mwisho akasema, "Sukumeni."

Taratibu na mkewe waliweka mikono. Walijiandaa kwa nguvu zote, kwa sababu ya kumbukumbu ya jana. Gari likaondoka. Liliondoka kwa wepesi hata mke akajikwaa na kumshika mumewe shati, na Taratibu akalazimika kukimbilia usukani.

"Taratibu!" Mama Jeki alipiga kelele. Haikujulikana kama anamwita jina au anamwonya.

Jumanne alitia dumu moja la lita kumi. Kidumu cha akiba, kikiwa kimejaa, alikifunga mahali pake. Aliendesha kama alivyoambiwa. Alikanyaga mafuta polepole, akapandisha gia mapema, bila kuiacha injini ilie. Alitazama mbele. Akiona shimo au ng'ombe kwa mbali, aliondoa mguu mapema, gari likapunguza mwendo lenyewe. Mara mbili mguu wake wa kulia ulirudi juu ya breki.

"Mguu," mke wake alisema.

"Nimeuona."

Kilimani pikapu ilipanda bila moshi. Haikupanda kama kijana. Ilipanda kama mzee aliyeshushiwa mzigo.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya nyumba. Chini ya ukuta walilala kuku kumi na wawili, wamefungwa miguu kwa vipande vya kamba. Trei za mayai hazikuwepo mlangoni kama siku zote. Taratibu aliona kuku wale, akazima injini, akashindwa kushuka.

"Shikamoo, Shangazi," alisema kupitia dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Shuka. Kuku wako hawa, kawauze huko mjini. Waliobaki nitawala mmoja mmoja, meno yakiruhusu."

"Nani amekwambia uwafunge?"

"Wewe," Shangazi alisema. "Ijumaa ulikunywa maji vikombe viwili, na hukunitazama usoni hata mara moja. Mtoto niliyemlea namjua. Ulikuwa na neno, likakukwama. Nikasema nikurahisishie. Umechoka, baba. Hata mimi naona. Sitaki uwe unanibeba mgongoni."

Taratibu alishuka. Alipiga magoti mbele ya kuku wa kwanza na kuanza kufungua kamba. Fundo lilikuwa gumu, na macho yake hayakuona vizuri.

"Shangazi, sikuja kukuaga," alisema. "Nimekuja kuchukua mayai. Nitakuja Ijumaa. Nitakuja na Jumanne."

"Na mafuta?"

"Mafuta yalikuwa yanabeba mchanga."

Shangazi hakuelewa. Mke wa Taratibu alipiga magoti naye, akaanza na kuku wa pili huku anaeleza: upepo, magunia, breki, kitambaa. Shangazi aliposikia habari ya kitambaa alicheka mpaka akafuta machozi. Au labda machozi yalikuwapo kabla ya kicheko. Kuku walionyoosha miguu walitembea hatua mbili tatu, wakajikung'uta, wakarudi kuparua chini kana kwamba hakuna lililotokea.

Mayai yalikuwa ndani, trei saba. Wakayapanga karibu na dereva, juu ya godoro, wakayafunga kwa mpira. Kwenye mteremko injini iliunguruma kwa gia ndogo. Wakapita shule. Wakapita daraja, na injini haikukohoa. Machimboni Mama Jeki alikuwa chini ya lori. Ni miguu yake tu iliyoonekana. Taratibu alipiga honi, mguu mmoja ukapungwa.

Walifika madukani, kisha nyumbani, jua bado liko juu. Mayai mawili yalikuwa yamepasuka. Moja lilipasuka njiani. Jingine Taratibu alilivunja kwa kiwiko wakati wa kushusha.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu. Kesho kulikuwa na vichwa vya betri vya kusafisha, na miezi michache mbele plagi. Uchovu wake ulikuwa uleule. Mke wake alikwenda nyuma ya gari, kama alivyofanya kila siku ya safari, akafungua kidumu cha akiba na kukiinua. Safari zote alizokumbuka kilikuja juu chepesi, kikigonga bati. Leo kilimvuta mkono chini.

Alikileta hadi mlangoni kwa mikono miwili, akakiweka miguuni pa mumewe.

"Kizito," alisema.

Taratibu alikuwa amelala, kichwa kikiwa kimeegemea mlango. Mke akakaa kando yake, akakunja kile kitambaa chake cha maua, kilichofuliwa mara nne na bado kina harufu ya injini, akakiweka kati ya kichwa cha mumewe na mlango.